Kutoka Dar es Salaam hadi Saadani kwa Gari la Kulala: Mwongozo Kamili

Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko karibu kilomita 130 kaskazini mwa Dar es Salaam ukipitia Bagamoyo, na ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Mtu hujiambia kwamba safari iliyo fupi kuliko ya kwenda Morogoro haihitaji maandalizi, akapakia magodoro usiku wa Ijumaa, akaondoka Jumamosi saa tatu asubuhi, na kufikia saa kumi jioni akajikuta amekwama kwenye tope jeusi huku lango likikaribia kufungwa na maji ya kunywa yakiwa yamebaki nusu chupa. Nami niliwahi kuwa mmoja wao, na maelezo yanayofuata yametokana kwa sehemu kubwa na makosa ya safari hiyo na nyingine zilizoifuata. Safari hii haiamuliwi na kilomita. Inaamuliwa na mvua, na saa za lango, na kwa mtu anayetaka kulala kando ya bahari, inaamuliwa pia na maji kujaa na kupwa.

Chagua majira kwanza

Kabla hujafikiria gari, fungua kalenda. Masika ya Machi hadi Mei ni majira ya kuiacha safari hii kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya barabara za ndani ya hifadhi imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukikauka huwa mgumu kama sakafu na ukilowa hushika tairi mpaka likafanana na gurudumu la udongo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba si kali kiasi hicho, lakini mvua ya usiku mmoja yaweza kukufungia njia kwa siku mbili. Kipindi salama zaidi ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba, wakati nyasi zimepungua urefu, wanyama wanasogelea maji, na upepo wa kusi unapoza usiku kiasi cha kumwezesha mtu kulala ndani ya gari bila feni. Januari na Februari ni pakavu pia, ila joto la kaskazi ndani ya bati ni jambo la kulipima mapema, hasa kwa wenye watoto.

Ukishapata mwezi, tafuta tarehe. Bamvua hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika siku hizo maji hupanda mbali kuliko kawaida kisha hutoka sana. Wiki za maji mafu, yaani katikati ya mwandamo na mwezi mpevu, ndizo zenye utulivu kwa mtu anayepanga kukaa karibu na ufukwe. Maji hujaa mara mbili kwa siku na huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukijua saa ya leo unaweza kukadiria ya keshokutwa bila kumuuliza mtu, ingawa kumuuliza mvuvi bado ni bora zaidi.

Gari: kipi kinafaa, kipi kinatosha

Gari la kulala si lazima liwe lile la kuagizwa kutoka ng'ambo lenye jiko na choo ndani. Katika mji huu, magari yanayogeuzwa mara nyingi ni Noah, Hiace, na Land Cruiser ile ya mkonga, na kila moja lina mahali pake. Noah ni rahisi kulimiliki na kulitengeneza, lakini tumbo lake liko chini, na kwenye njia za Saadani utaliburuza juu ya matuta ya katikati ya barabara. Hiace ina nafasi ya kutosha kwa kitanda cha watu wawili na watoto wawili wadogo, na inafaa kiangazi kwa dereva mwenye subira. Mkonga ndio usiokuwa na wasiwasi, ila hunywa mafuta na humrusha abiria wa nyuma. Ushauri wangu, kama huna gari linalovuta kwa magurudumu manne, ni kwenda kiangazi tu na kuridhika na njia kuu za hifadhi. Ukitaka kuzunguka pembeni, acha gari lako kambini na uulize kama kuna gari la kukodi kwa mizunguko ya ndani.

Kitanda kitengenezwe na fundi seremala, si fundi bati. Fremu ya mbao nyepesi yenye plaiwudi juu, iliyogawanywa vipande vitatu vinavyoinuliwa kila kimoja peke yake, hukupa ghala la mizigo chini yake na hutolewa kwa nusu saa unaporudi mjini. Kimo cha sentimita 40 kutoka sakafuni kinatosha kuingiza kreti na madumu, na bado mtu mzima anaweza kukaa kitako bila kugonga kichwa. Fremu ifungwe kwa boliti kwenye mashimo ya viti vilivyoondolewa, kwa sababu kitanda kilichowekwa tu bila kufungwa hugeuka kombora siku utakaposhika breki ghafla. Madirisha mawili yanayokabiliana yawekewe wavu wa mbu kwa sumaku au kwa velkro. Na kama mabadiliko ni ya kudumu, mwarifu wakala wako wa bima kabla ya kuondoka, kwani gari lililopunguzwa viti si lile lililoandikwa kwenye cheti.

Uzito ndio jambo ambalo watu hulidharau. Maji, mtungi wa gesi, betri ya pili na vyakula viwe chini na katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Juu ya keria pawekwe vitu vyepesi tu, kama viti vya kukunja na turubai. Gari lililobebeshwa juu huyumba kwenye kona na huzama upesi zaidi kwenye mchanga.

Siku tatu kabla ya safari, lipeleke gari kwa fundi unayemwamini akague mkanda wa feni, rejeta na mipira yake, breki, shokapu na betri, na uhakikishe kwa macho yako kwamba tairi la akiba lina upepo na kwamba spana iliyomo inaingia kwenye nati za magurudumu yako. Ongeza pampu ndogo ya upepo inayotumia umeme wa gari, kipimo cha upepo, chepe, kamba ya kuvutia, na vipande viwili vya mbao vya urefu wa mita moja. Vitu hivi vitano viliwahi kunitoa mahali ambapo trekta lilikuwa mbali na simu haikuwa na mtandao.

Umeme, moto na maji

Usiunganishe friji kwenye betri inayowasha gari. Weka betri ya pili, na ujue hesabu yake: betri ya kawaida ya asidi yenye ampea-saa 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 50, kama unataka idumu, na friji ndogo ya volti 12 katika joto la pwani hula kati ya 35 na 45 kwa siku. Paneli ya jua ya wati 100 katika siku nzuri hurudisha kama 30. Maana yake ni kwamba utakaa siku tatu vizuri ikiwa unawasha injini kwa muda kila siku, na utalala gizani siku ya pili ikiwa anga lina mawingu na gari limesimama tu. Kwa familia nyingi deli la barafu ni jibu la busara zaidi: gandisha chupa za maji za lita moja na nusu nyumbani, zipange ndani ya deli pamoja na nyama na maziwa, kisha mnywe maji hayo kadiri yanavyoyeyuka. Hamwagi kitu na hambebi barafu ya bure.

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unatosha kabisa. Usafirishwe umesimama, umefungwa, na vali ikiwa imekazwa. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, paka povu la sabuni kwenye mpira na viungio na utazame kama linatoa mapovu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, kwa hiyo tundu la kupitisha hewa liwe chini, si juu tu kama wengi wanavyotoboa. Kupika kwenyewe kufanyike nje, nyuma ya mlango ulioinuliwa. Juu ya jiko la mkaa sina mjadala: lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki majivu ya moto, hata kama mvua inanyesha, hata kwa ajili ya kufukuza mbu. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kugundua kwamba anakufa.

Kuhusu maji, weka lita tano kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, na ongeza dumu moja la kuoshea vyombo. Maji ya kuoga utayapata kambini. Chakula hakihitaji maelezo marefu: mchele, maharage yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani, vitunguu, nyanya, ndimu, na samaki utakayemnunua njiani.

Karatasi na malipo

Beba leseni, cheti cha bima, kadi ya gari au nakala yake, kizimamoto ambacho hakijapita muda, na pembetatu mbili za tahadhari. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha Taifa, kwa sababu viwango vya raia wa Afrika Mashariki hutofautiana sana na vya wageni, na bila kitambulisho hutakuwa na hoja langoni. Gari lenyewe hulipiwa kwa kuzingatia uzito wake na nchi lilikosajiliwa, na kulala kambini kuna ada yake mbali na kiingilio. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki au simu, si kwa fedha mkononi, hivyo hakikisha salio limo kwenye simu kabla hujatoka Bagamoyo. Ni vyema kuwasiliana na TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, siku chache kabla ili kuuliza viwango vya sasa, nafasi za kambi na hali ya barabara. Hilo la mwisho liulize tena asubuhi ya kuondoka.

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Siku hii ni fupi kwa makusudi. Ondoka saa kumi na moja alfajiri ili Mwenge, Tegeta na Bunju uzipite kabla foleni haijaamka, kisha teremka taratibu kupitia Mapinga, Kerege na Kiromo. Njia yote ina makazi, mwendo wake ni kilomita 50 kwa saa katika maeneo yaliyowekewa alama, na gari lenye kitanda, madumu na betri mbili halisimami kama lile unaloendea kazini. Tumia kipande hiki kulisikiliza: kinachogonga sasa kitapasuka kesho.

Kufika Bagamoyo asubuhi kunakupa mchana mzima katika mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara ya kutoka Ziwa Tanganyika na makao makuu ya Wajerumani hadi 1891. Magofu ya Kaole yako kilomita chache kusini mwa mji na yana msikiti wa karne ya 13. Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianzishwa 1868, na huko ndiko mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulikofikishwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa baharini. Kama una watoto, Kaole patoshe. Watakuwa na subira ya mahali pamoja tu.

Alasiri fanya mambo matatu ambayo hutayapata mbele: jaza tangi sheli, nunua samaki mnadani na umsafishe palepale, na ukague upya boliti za kitanda, kwa kuwa mtikisiko wa siku ya kwanza hulegeza kila kitu kilichokazwa nyumbani. Kwa usingizi, ongea na hoteli yenye uwanja uliozungushiwa ukuta na uombe kulipia nafasi ya kuegesha na kutumia bafu. Usiegeshe ufukweni. Safari yangu ya kwanza nililala juu ya mchanga mkavu mahali palipoonekana mbali kabisa na maji, bila kujua kwamba ilikuwa siku ya bamvua, na saa tisa usiku niliamshwa na sauti ya mawimbi yakichezea magurudumu ya nyuma. Gari lilitoka kwa kusukumwa na wavuvi sita, ambao walikuwa na adabu ya kutocheka mpaka lilipofika barabarani.

Siku ya pili: Bagamoyo hadi Saadani

Toka saa moja asubuhi. Utashika barabara ya Msata, ambayo huvuka mto Ruvu, na katika eneo la Makurunge utaiacha na kuelekea kaskazini, ambako utavuka mto Wami na kuingia hifadhini kwa upande wa kusini. Usitegemee lami mpaka mwisho. Ikiwa umeambiwa kwamba mvua imenyesha juzi, kuna njia ya pili: endelea hadi Msata, pinda kaskazini kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera, vuka daraja la Wami, kisha Mandera ukate kulia kuelekea Miono na Mkange hadi lango la Mvave. Safari nzima kwa njia hii kutoka Dar es Salaam hupita kilomita 200, na kipande cha vumbi ni kama kilomita 60, lakini anayezunguka na kufika hana deni na aliyekwama njia ya mkato.

Ukikutana na tope jeusi, simama kabla ya kuliingia, shuka, ulipime kwa mti. Kama mti unazama zaidi ya kiganja na huna gari linalovuta kwa magurudumu manne, geuza. Kama unaingia, chagua gia ya pili, ushike mwendo mmoja, usibadilishe gia katikati wala usikate usukani ghafla. Kwenye mchanga kanuni ni tofauti kidogo: punguza upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi karibu 20, pita, kisha uyajaze tena kwa pampu kabla ya kukimbia kwenye njia ngumu. Gari likianza kuchimba, ondoa mguu mara moja. Kila mzunguko wa tairi unaouongeza hapo ni dakika kumi za chepe baadaye.

Milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na kuendesha usiku ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Panga kuwa umeingia kabla ya saa sita mchana. Kuanzia hapo hushuki garini isipokuwa mahali palipoainishwa, hutoki nje ya njia, na mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, iwe imebaki nyumbani.

Kupiga kambi

Lala kwenye kambi rasmi tu. Ukifika, elekeza pua ya gari kule upepo unakotoka, ili mlango wa nyuma unaopikia ukingwe na moshi usiingie kitandani. Wakati wa kusi hiyo ni kusini-mashariki. Hakikisha hujaegesha kwenye njia ya wanyama, ambayo huonekana kama ukanda uliokanyagwa unaoelekea majini, wala chini ya mti wenye matunda.

Vyakula vyote vilale ndani, milango ikiwa imefungwa. Tumbili hufungua kreti kwa ustadi wa kuudhi, fisi huchukua hata kiatu, na tembo husikia harufu ya machungwa na maembe kutoka mbali, kwa hiyo matunda ya namna hiyo yaliwe yaishe kabla ya giza au yasiletwe kabisa. Usiku, kabla ya kushuka, mulika tochi pande zote na utafute macho yanayong'aa. Mtoto asishuke peke yake. Ndoo yenye mfuniko ndani ya gari si jambo la kuonea haya.

Mbung'o ni wengi kwenye vichaka, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi pamoja na kitu chochote kinachotembea, gari likiwamo. Vaa nguo za rangi ya khaki, na funga madirisha unapopita vichakani. Wadudu hawa wana sehemu yao katika historia ya hifadhi: kaskazini palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyosumbuliwa kwa miaka mingi na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, na leo ardhi hiyo ni ya kuro na nyati.

Siku ya tatu na namna ya kuitumia

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni ya pekee nchini ambako nyika yenye wanyama wakubwa inafika hadi Bahari ya Hindi. Hata hivyo usiende ukitarajia Serengeti. Twiga, ngiri, kuro, tohe, nyani na nyati utawaona bila shida. Tembo na simba wapo, lakini wana vichaka vingi vya kujificha. Asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu ndiyo saa ya mzunguko wa gari. Mchana wa joto upeleke kwenye mashua ya mto Wami, ambako viboko na mamba hawana haja ya kutafutwa, na mbega huonekana kwenye miti ya kingo. Alasiri zunguka upande wa mabwawa ya chumvi uwatafute heroe. Huko Madete, kaskazini, kasa hutaga mayai mchangani; uliza ofisini kama kuna matembezi pamoja na askari, na usimulike tochi nyeupe ufukweni.

Tenga pia saa moja kwa kijiji cha Saadani chenyewe. Hapa ndipo palipokuwa pa Bwana Heri bin Juma, aliyepigana na Wajerumani wakati wa vita vya Abushiri mwishoni mwa miaka ya 1880. Ni kijiji cha wavuvi wa kamba na samaki, na salamu zao zijibiwe kikamilifu kabla ya kuuliza bei.

Kurudi

Ondoka mapema ili upite Bunju kabla ya msongamano wa Jumapili jioni. Siku inayofuata peleka gari likaoshwe chasisi kwa maji mengi yasiyo na chumvi, upande wa chini na ndani ya ringi, kwa sababu chumvi ya pwani hula bati kimyakimya; mwambie muoshaji kwamba hujali rangi, unajali tumbo. Rudisha upepo wa matairi kwenye kipimo, chaji betri ya pili hadi ijae kabla ya kuihifadhi, anika godoro juani pande zote mbili, na uache madumu wazi mpaka yakauke kabisa ndipo uyafunge.